Poti Tatu Nyeupe za Netta Imrie

Netta Imrie alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa siku moja ambao ukilala nao unaamka umeondoka. Huu ulikuwa umehamia na mizigo yake yote, magotini, mabegani, hadi kwenye kope. Desemba ile ya mwaka 1989, akipanda ngazi za nyumba yake pale Balcraig, alikuwa akisimama kila baada ya ngazi nne kama mtu aliyeitwa na jirani. Miaka sitini na miwili si mingi. Ila thelathini kati ya hiyo aliimaliza katika jiko la shule, akikoroga supu ya shayiri ya watoto mia mbili ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia ahsante. Na kila Jumamosi tangu ujana wake, mvua ikinyesha na upepo wa bahari ukikata masikio, alikuwa barabarani akitafuta vyombo.

Vyombo vyenyewe ni vya Sandbraes, kiwanda cha udongo kilichokuwa chini kule ufukoni na kufungwa mwaka 1930. Wanaume walifinyanga na kuchoma. Wanawake ndio waliochora, kwa mkono, chombo kimoja baada ya kingine: mawaridi makubwa mekundu, cheri, majogoo wenye mikia ya kijani. Siku hizi watu wa Edinburgh wanavipanga ndani ya makabati yenye taa na kuwakataza wageni wasivikaribie. Netta alianza kuvikusanya wakati sisi wa Balcraig bado tunalishia kuku humo, na tukimwona anamwaga chakula cha kuku ili ageuze bakuli atazame kitako, tulisema maskini, mtoto wa Chrissie Doig kachanganyikiwa.

Hakuchanganyikiwa. Chrissie Doig, mama yake, alichora Sandbraes kwa miaka kumi na mmoja, toka ana kumi na minne mpaka alipoolewa mwaka 1925. Netta alitaka kitu kimoja tu duniani: chombo ambacho angekishika na kusema, hapa ulipita mkono wa mama. Tatizo ni kwamba wachoraji wa Sandbraes hawakuruhusiwa kuweka jina. Kitakoni kuna muhuri wa kiwanda, basi. Kwa hiyo Netta alinunua chochote alichokimudu, kwa hesabu ya mtu aliyekata tamaa: nikivikusanya vingi, kimojawapo hakikosi kuwa chake.

Vilifika sitini na vitatu. Sitini ni vya maua na majogoo. Vitatu vilivyobaki ni poti za udongo, zile za kukojolea usiku zinazokaa uvunguni mwa kitanda, nyeupe pee. Hizo alizipata miaka tofauti kwenye minada ya kanisa, zikiwa zimepakwapakwa rangi ya mafuta juujuu: moja ina punda, nyingine ina buibui wa ajabu mwenye miguu miwili, ya tatu ina mambo ambayo mke wa mchungaji alikuwa ameyafunika kwa gazeti. Uhuni wa vijana walevi, alisema Netta. Akazikwangua kwa kisu na magadi, kila moja wiki nzima, mpaka weupe wake wa asili ukatoka. Alijisifia kazi hiyo kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya.

Mumewe Dod, aliyechimba makaa mpaka kifua kikajaa vumbi na kuanza kupiga mluzi chenyewe, alikuwa na la kusema kila siku.

"Netta, mwenzangu, siku ukifa nakuzika ndani ya bakuli."

"Bakuli gani litanienea, mzee? Labda unikunje."

"Nitakukunja. Mchana kutwa unakunja shuka, kukunjwa mara moja kutakuua?"

"Nitakuwa nimekwisha kufa, mjinga wewe."

Walikuwa wakicheka, kisha Dod anakohoa, kisha wote wawili wanangoja kikohozi kipite. Ngazi zile hazikumfaa tena na yeye. Halmashauri ilikuwa imewapa nyumba ya chini, vyumba viwili, hakuna pa kuweka vyombo sitini na vitatu. Netta akaamua, na siku alipoamua hakulia, alikaa tu kitandani na kiatu kimoja mkononi kwa muda wa nusu saa. Vyote vitakwenda jumba la makumbusho la mji. Binti wa makumbusho atakuja na gari tarehe nne Januari. Atabakiza kimoja, cha mama. Bado hajui ni kipi.

Na hilo la kutojua lilikuwa na mzizi wake, ambao Dod aliujua na wengine hatukuujua.

Nyumbani kwao, juu ya kabati la chumba cha mbele, palikuwa na poti. Mama yake aliipata siku ya kuagwa kazini. Ilikaa huko juu tangu Netta hajazaliwa, imegeuzwa upande mmoja, na upande huo ulikuwa na waridi, waridi moja jekundu, zuri, lililotulia. Hakuna aliyeishusha. Mama yake aliipangusa kwa kitambaa kikavu na kuirudisha vilevile, waridi likitazama chumba. Kwa Netta mdogo hilo ndilo lilikuwa waridi la mama.

Sasa, huku kwetu mwaka mpya haukaribishwi katika nyumba chafu. Siku ya mwisho ya mwaka jivu linatolewa, jiko linasuguliwa, madirisha yanafunguliwa, na kila kilichomo ndani kinaoshwa kabla kengele hazijalia, hata kama hakina uchafu. Mwaka 1946 mama yake alikuwa na homa ya mapafu iliyokuwa ikija na kuondoka. Netta, msichana wa miaka kumi na tisa, alijikaza kisabuni akaosha nyumba nzima peke yake ili mama afurahi. Alipomaliza vyote akatazama juu ya kabati. Akapanda kiti, akaishusha poti bila kuizungusha, waridi likimtazama, akaitumbukiza kwenye karai la maji ya moto na magadi, akaenda kusugua jiko.

Aliporudi maji yalikuwa na rangi ya chai iliyomwagikiwa damu. Poti ilikuwa nyeupe.

Mama yake alitoka kitandani amejifunika shali, akatazama, akasema, "Basi." Neno moja. Akaichukua poti, akatia ndani yake vibanio vya nguo, akaiweka karibu na mlango wa nyuma. Mwezi Machi akafariki. Hawakuwahi kuzungumza jambo hilo, na Netta aliibeba ile "basi" miaka arobaini na mitatu, asijue ilikuwa ya hasira au ya huzuni, au ya mtu aliyechoka tu. Vibanio bado vimo humo humo mpaka leo.

Kila mwaka, mwezi wa Novemba, alikuwa akitoa tangazo dogo kwenye gazeti la mkoa wetu wa Fife: anatafutwa yeyote aliyefanya kazi Sandbraes na Chrissie Doig. Miaka ya mwanzo walijibu wawili watatu, wote wakiwa wanataka kumuuzia sahani zilizopasuka. Baadaye hakujibu mtu. Aliendelea kulitoa kama mtu anavyoendelea kuitia ufunguo saa ya ukutani ya marehemu. Mwaka huu simu ikalia.

"Wewe ndiye Netta wa Chrissie?" aliuliza mwanamke. "Mimi naitwa Moira. Mama yangu ni Teenie Gourlay. Alikuwa Aberdeen tangu alipoolewa, nimemhamishia kwangu Kinghorn mwezi uliopita. Nilimsomea gazeti akaruka kwenye kiti. Ana miaka tisini na moja, hajaruka tangu vita."

Siku mbili kabla ya mwaka kwisha, Netta alifunga vyombo sita ndani ya fulana za Dod, vile sita ambavyo moyo wake ulivituhumu zaidi, akavitia kwenye boksi. Dod alisisitiza kulibeba hadi kituo cha basi. Alifika amelowa jasho, mdomo umekuwa wa buluu.

"Nilikwambia uache," alisema Netta.

"Na mimi nilikwambia uoe mtu mwingine."

"Uolewe, mzee. Mwanamke anaolewa."

"Kwa jinsi ulivyonikimbiza miaka ile? Wewe ndiye uliyenioa."

Kinghorn si mbali, lakini alisinzia ndani ya basi na boksi mapajani, na alipoamka shingo ilikuwa imegoma kugeuka.

Moira alifungua mlango kabla hajagonga. "Ingia, ingia. Amekungoja tangu saa mbili, kavaa mpaka mkufu."

Teenie Gourlay alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tatu, amezama ndani ya kiti karibu na moto, lakini macho yalikuwa makali, na ulimi ndio usiseme.

"Sogea. Geuka nikuone. Hee! Chrissie mtupu! Hata huo mdomo wa kununa kakuachia."

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Usinune basi, nakutania. Marahaba, mwanangu. Kaa. Moira, mletee chai mtoto wa Chrissie, na usimpe zile biskuti zako ngumu, mpe za dukani."

Netta alikunywa chai yake harakaharaka na kuunguza ulimi. Kisha akapiga magoti juu ya zulia, magoti yakilalamika, akafungua fulana moja moja, akavipanga vyombo sita mbele ya miguu ya bibi.

"Nataka uniambie kipi ni cha mama."

Teenie aliokota sahani ya kwanza akaileta karibu na pua. Akaigeuza kwenye mwanga. Akapitisha kidole juu ya jani.

"Hii ni yangu," alisema.

Moyo wa Netta ukapaa. Kama anajua ya kwake, atajua na ya mwenzake.

"Au ya Meg Balfour," aliendelea Teenie. "Au ya mama yako. Nitajuaje, mwanangu?"

"Lakini kila mtu ana mkono wake."

"Nyumbani, ndiyo. Sandbraes, hapana. Bwana Haldane, msimamizi wetu, alikuwa na sahani moja mezani kwake, tukiiita sahani mama. Waridi lako lisipofanana na la sahani mama, linavunjwa mbele ya macho yako, na wewe unachora jingine saa ya chakula. Majani matatu kushoto, mawili kulia. Mawaridi arobaini kwa siku. Ukiongeza jani la nne umekuwa msanii, na wasanii walikuwa hawatakiwi." Akairudisha sahani sakafuni kwa upole. "Kama ungeweza kututofautisha mikono, ingekuwa tumeharibu kazi. Hata kimoja hutakijua. Nisikudanganye."

Netta alibaki amepiga magoti. Jumamosi za miaka arobaini na mitatu. Mabasi, mvua, mikate iliyolowa mfukoni, watu waliomcheka. Alijisikia kama mtu aliyebeba gunia hadi mlangoni akaambiwa nyumba si hii. Alianza kuvifunga vyombo tena ndani ya fulana za Dod, kimoja kimoja, kwa sababu mikono ilihitaji kazi, na akiwa anafunga ndipo yakamtoka yale ambayo hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mumewe.

"Palikuwa na kimoja. Nilikiosha mimi. Ile poti ya juu ya kabati, yenye waridi. Ndicho kitu pekee alichokichora kwa ajili yake mwenyewe, na mimi nikakitia kwenye magadi."

Teenie alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Netta akadhani bibi analia, mpaka kicheko kilipotoka, kicheko cha kiwandani, cha mtu aliyezoea kucheka juu ya kelele.

"Poti ya Chrissie! Ile ya Haldane! Mtoto wee, nani kakwambia ile kachora mama yako?"

"Si yake?"

"Ilikuwa yake, lakini tangu lini bibi harusi akagusa poti yake mwenyewe kwa brashi? Mkosi huo! Wewe hujafanya kazi kiwandani?"

"Jikoni mwa shule."

"Ndiyo maana. Sikiliza. Msichana akiolewa kazi imekwisha, walikuwa hawaweki wake za watu pale. Basi siku yake ya mwisho tunamvisha mapazia na maua ya karatasi, tunampitisha mtaani tukigonga vifuniko vya sufuria, na mbele yake inabebwa poti yake, ina chumvi na mwanasesere. Anaiweka barabarani anairuka mara tatu, ili asikose mtoto. Na ile poti tunaichora sisi, tuliobaki nyuma. Kila mtu kitu chake. Tanurini hatuwezi kuitia, Haldane angetufukuza sote, kwa hiyo tunatumia rangi ya mashua ya kaka yake Meg, saa ya chakula, mlango umefungwa. Hapo hakuna sahani mama. Hapo unachora unachotaka."

"Na waridi?"

"La Meg Balfour. Alikuwa mtu wa kanisa, hakujua kuchora kitu kingine. Mama yako alifanya akili kuligeuza lile kwa mbele, kwa sababu ungeona ya nyuma! Haldane bila suruali, na jogoo wake wa kijani anamdonoa, unajua pa kumdonoa." Alijifuta macho kwa ncha ya shali. "Aliniandikia, Chrissie. Januari, kabla hajafa. 'Mtoto ameniogeshea poti, na Haldane kaenda na maji.' Alisema aliingia kwenye kibanda cha makaa akalia kidogo. Halafu akacheka mpaka kikohozi kikamrudisha kitandani. Sikuwahi kupata barua nyingine."

Mama alilia kidogo, aliwaza Netta, halafu akacheka. Kwa hiyo ilikuwa machozi na kicheko pamoja. Miaka yote hiyo alikuwa akichagua kati ya hasira na huzuni, na hakuwahi kukifikiria kibanda cha makaa.

"Hakuwa na kinyongo, mwanangu. Alikuwa amechoka. Sisi tulikuwa tunachoka, lakini Chrissie alikuwa akisinzia na brashi mkononi, kichwa mezani, bibi kizee kabisa, na ana miaka kumi na minane. Yale mawaridi mnayoyapenda ninyi, yeye aliyachukia. Alisema akienda mbinguni akakuta bustani atarudi." Akageuka. "Moira! Lete kile chombo cha sufi za kufumia!"

Moira akaja nacho kutoka chumbani, mafundo ya nyuzi za sufi yakichungulia juu. Ilikuwa poti. Teenie akaimimina sufi mapajani na kumpa Netta ile poti.

Ilikuwa imejaa duara nzima. Punda mwenye kofia ya askari. Samaki anayevuta kiko. Waridi la Meg Balfour, limetulia pale katikati ya fujo kama mgeni aliyekosea mlango. Rangi zilikuwa zimefifia na kubanduka hapa na pale, lakini zilikuwapo.

"Ni ya marehemu dada yangu, aliolewa kabla ya mama yako. Zungusha," alisema Teenie. "Pale karibu na mshikio. Ile ndiyo Chrissie."

Netta akazungusha. Karibu na mshikio palikuwa na saa. Saa ya ukutani, ya mviringo, mistari kuizunguka, mishale yake imesimama saa kumi na moja na nusu, muda wa honi ya kutoka. Chini yake imetoa miguu miwili myembamba, yenye viatu vyeusi vidogo, nayo inakimbia.

"Poti zote alichora hiyo hiyo," alisema Teenie. "Miaka kumi na mmoja, kila bibi harusi. Alikuwa akisema huyu ndiye peke yake anayetoka getini kabla ya honi. Hata siku ya kwake mwenyewe alitusihi tumchoree. Tukamkatalia, tukamwambia wewe sasa ndiyo hiyo saa, kimbia."

Netta alipitisha kidole hewani juu ya ile miguu bila kuigusa. Hapa ulipita mkono wa mama. Alikuwa na hakika, kwa mara ya kwanza maishani, na ile hakika ilimjaa kifuani kwa muda wa pumzi mbili tatu. Kisha akakumbuka.

Buibui mwenye miguu miwili.

"Mama mkubwa," alisema. "Mimi nilizipata tatu za hivi. Kwenye minada. Nilidhani ni uhuni wa walevi. Nimezikwangua."

Moira akatazama moto.

"Tatu?" aliuliza Teenie.

"Tatu."

"Palikuwa na yenye punda?"

"Ndiyo."

"Hiyo ya Jess Pirnie. Punda alikuwa wangu." Bibi alikaa akiikusanya sufi mapajani, akiipinda upya bila kuitazama. Hakuwa akicheka tena. "Basi," alisema mwishowe. "Kunywa chai, inapoa."

Netta hakuiomba ile poti na Teenie hakumpa. Sufi zilirudi ndani, poti ikarudi chumbani. Mlangoni bibi alimshika mkono, akasema aje tena kabla hajafa, ila asichelewe kwa sababu yeye hana mpango wa kungoja. Netta akaahidi. Ndani ya basi la kurudi hakusinzia.

Siku ya mwisho ya mwaka Dod alijikokota mwenyewe kutoa jivu, akasugua jiko kwa mapumziko manne, akafungua madirisha ya mbele. Keki nyeusi ilikuwa mezani imefunikwa, na kipande cha makaa kando ya mlango kwa ajili ya mgeni wa kwanza wa mwaka, aingie nacho kwa bahati. Ilikuwa saa nane mchana, na mwanga wa Desemba, ambao huku kwetu ni mfupi, umeanza kulala. Akamkuta Netta chumba cha nyuma, amekaa kwenye sanduku karibu na dirisha, poti mbili nyeupe sakafuni, ile iliyokuwa na buibui mapajani mwake, anaielekeza kwenye dirisha, anaigeuza, anaielekeza tena.

"Maji ya moto yako tayari," alisema Dod. "Na magadi nimekuwekea. Vimebaki vyombo vyako tu."

"Sioshi."

"Huoshi?"

"Mwaka huu hakuna anayeosha chombo chochote humu."

Dod alimtazama mkewe aliyeosha kila kitu kwa miaka thelathini na minane, hata kijiti cha kuchokonolea moto. "Mwaka mpya utatukuta na vumbi, Netta."

"Utukute."

Alikaa kando yake kwenye sanduku, kifua kikipiga mluzi, na akaonyeshwa. Chini kabisa ya mshikio, pale ambapo kisu hakikuweza kuingia, palikuwa na nukta nyeusi, ndogo kuliko punje ya pilipili manga. Miaka yote Netta alijua ipo. Alidhani ni uchafu wa tanuri, ule unaorukia udongo ukiwa motoni ukabaki humo milele. Vyombo vya Sandbraes vinazo nukta kama hizo kwa mamia. Lakini hii ilikuwa ndefu kidogo kwa upande mmoja, na ilikuwa mahali pale ambapo kwenye poti ya Teenie mguu wa saa unaishia.

"Ni kiatu," alisema Netta. "Au si kiatu."

Dod akavaa miwani, akaikaribia, akavua miwani. "Mbona rahisi. Uchafu wa tanuri hautoki. Rangi inatoka. Ikwaruze kidogo kwa ukucha, utajua sasa hivi."

"Najua."

"Sasa?"

Netta aliichukua mikono yake yote miwili akaiweka chini ya mapaja, akaikalia, kama tulivyokuwa tukiwaamuru watoto wakifika kwenye nyumba yenye vyombo vya watu. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa amechoka, amechoka kwelikweli.

"Tarehe nne wakija," alisema, "wape vile sitini vyote. Hivi vitatu waambie havina maana, ni poti tupu."

Dod aliinuka kwa taabu, akaenda jikoni, na Netta akasikia karai zima la maji ya moto likimwagwa kwenye sinki.